Pipa Lisilo na Ganda la Limau

Haya nilisimuliwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mwaka ule aliostaafu upelelezi. Alikuja kunisalimu nikamwekea maji ya limau mezani. Hakuyagusa. Aliyatazama weee, kisha akaniuliza, "Shemeji, limau lenyewe liko wapi?" Nikaenda jikoni nikamletea maganda kwenye kisahani. Akayageuza kwa ncha ya kidole, akayanusa, ndipo akanywa. Baadaye akanieleza kwa nini. Nami naandika kama alivyonieleza, ila pale alipojisifu nimepunguza.

Kazini walimwita Kitambaa, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila vitambaa vinne mfukoni: cha kufutia mikono, cha kuzibia pua, cha kutandika anapokalia, na cha nne ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Kinyaa alizaliwa nacho. Dada yangu alikuwa akisema, mwanamume huyu anaweza kukaa na maiti ya siku tatu akaandika maelezo bila mkono kutetemeka, lakini nywele moja kwenye mchuzi inamfunga mdomo hadi kesho yake.

Jumamosi hiyo simu ilimkuta ofisini saa saba mchana. Aliyepiga alikuwa daktari wa zamu.

"Afande, nina mzee hapa anatapika damu. Mdomo na koo vimeungua, figo zinaanza kugoma. Wanasema saa tano alikunywa glasi moja ya pombe hotelini, basi. Pombe haimfanyi mtu hivi."

"Sumu?"

"Kitu. Nataka jina la hicho kitu. Dawa inayomwokoa aliyekunywa hiki ndiyo inayommaliza aliyekunywa kile. Nikibahatisha, nitamuua kwa mkono wangu. Kabla ya saa kumi, afande. Ikipita hapo usinipigie tena, niletee jamaa zake tu."

Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa saa, mgane wa miaka sabini na ushei, na watu walimwita Fundi Saa hata walipomsahau jina. Kila Jumamosi saa tano kamili alifunga kibanda chake, akavuka barabara, akaingia baa ya hoteli iliyo mkabala, akanywa glasi moja tu: jini iliyotiwa limau na sukari, juu yake povu la ute wa yai. Kinywaji hicho pale baa alikuwa akikinywa yeye peke yake. Yai alikuja nalo kutoka nyumbani kwake, limeviringishwa kwenye gazeti, maana mayai ya watu hakuyaamini.

Kitambaa alipofika, askari alikuwa ameshafunga mlango na kuweka watu wa baa kando. Kabla macho hayajazoea giza, pua ilikuwa imeshamaliza ukaguzi: bia iliyochacha, tambara bichi, na chini ya yote shombo ya yai. Zulia lilikuwa linanata. Kila hatua kiatu kiliachana nalo kwa mlio wa mtu anayebusu. Juu ya kaunta kulikuwa na bakuli la kioo lenye malimau, yamepangwa kama mnara, yanang'aa. Kitambaa aliinama kuyatazama. Yalikuwa yamepakwa mafuta ya kupikia, na kwenye limau la juu nzi wawili walikuwa wamenasa, mmoja bado anapiga mguu.

Akatoa kitambaa cha pua.

"Nani alichanganya glasi ya mzee?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa nyuma ya kaunta, shati jeupe, tai ndogo nyeusi, na kucha ya kidole cha mwisho ndefu kama kijiko. "Wananiita Profesa. Nimesomea kazi hii, afande. Nimefanya hoteli kubwakubwa ambazo wewe ungeingilia mlango wa nyuma."

"Hii nimeingilia wa mbele nikajuta. Endelea."

"Mimi sina la kuendelea. Mwenye la kuendelea ni yule." Akaelekeza kidevu kwa mwanamume mmoja mwenye upara, mtu mzima kabisa, aliyekaa pembeni analia bila sauti. "Mpwa wake. Siku zote yai analeta mzee. Leo kalileta yeye. Na leo mzee kaanguka. Mimi sisemi kitu, nahesabu tu."

Mpwa alisimama. "Afande, mjomba goti lilimuuma. Akaniambia nikamwokotee yai bandani, nimsindikize. Nimelibeba kifuani kama mtoto. Kifuani, afande!"

"Mzee akifa, nyumba anarithi nani?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Mimi tu. Na kuku."

Profesa akaguna, akachukua tambara akafuta kaunta, kisha kwa tambara hilohilo akafuta glasi, kisha akafuta paji la uso. Kitambaa aliona yote matatu, akakibana zaidi kitambaa puani.

"Ganda la hilo yai liko wapi?"

"Pipani."

"Na kiini?"

"Kiini nampelekea mpishi. Kila Jumamosi. Kinywaji hakitaki kiini, kinataka ute tu."

Mpishi aliitwa. Akaja anajifuta midomo, mama mnene mwenye haraka ya kurudi alikotoka.

"Kiini cha leo kiko wapi, mama?"

"Nimekikaanga nikakila na mkate, saa tano hiyohiyo. Kwani kilikuwa cha nani?"

"Unajisikiaje?"

Mpishi akajipapasa tumbo, akawaza. "Njaa."

"Rudi jikoni."

Ulibaki ute. Mtu angeweza kutoboa ganda kwa sindano, akatia kitu upande mmoja, kiini kikapona. Kitambaa aliliangalia pipa la kaunta, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumtuma, kisha akakunja mikono ya shati. Kazi ya kunusa hakuwahi kumpa mwingine, maana mwingine akifunga pua anafunga na macho. Akatandaza magazeti sakafuni, akalimwaga.

Uvundo ulimpiga kama kofi. Kulikuwa na majani ya chai yaliyoota ukungu, vichungi vya sigara vilivyolowa, mirija iliyotafunwa, plasta ya kidonda yenye alama ya usaha, na tambara pacha wa lile la juu. Alichambua kimoja kimoja kwa vidole viwili, anahema kwa mdomo, machozi yanamtoka. Akapata ganda la yai, vipande viwili. Akavisuuza, akavipeleka kwenye mwanga, akaviunganisha. Vilikutana kama mdomo uliofumbwa. Hakukuwa na tundu, hata la ncha ya sindano.

"Kaa chini," alimwambia mpwa. "Yai lako lilikuwa zima."

Mpwa akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti.

"Chupa ya jini?" Kitambaa alimuuliza askari.

"Wawili wamekunywa chupa hiyohiyo na soda ya tonika kabla ya mzee, afande. Nimewapigia. Wazima. Mmoja anaimba."

"Shira ya sukari?"

"Imetiwa kwenye juisi za watu tangu asubuhi. Wazima."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Simu ikalia. Ilikuwa ya daktari, naye hakusalimu. "Hakojoi tena, afande. Una nini?"

"Nina ganda la yai."

Daktari akakata.

Kitambaa akanawa mikono mara tatu kwa sabuni aliyokuja nayo mwenyewe, akavuta kiti kirefu mbele ya kaunta, akatandika kitambaa cha tatu, akakaa.

"Profesa. Tengeneza."

"Nini?"

"Glasi ya mzee. Kama ulivyoitengeneza leo. Usiongeze madaha, usipunguze uchafu."

Profesa alifurahi. Mtu wa namna ile ukimpa jukwaa anasahau kwamba ana kesi. Akaagiza yai jikoni, akajiweka sawa tai, akaanza kusema kwa sauti ya mwalimu. Kwanza ute, alisema. Akalipasua yai ukingoni mwa kopo la bati la kutikisia, akawa anakihamisha kiini kutoka ganda hili kwenda lile, na ute ukaning'inia kama kamasi, ukadondoka. Kipande kidogo cha ganda kiliingia nao. Profesa alikifuata kwa ile kucha ndefu, akakizoa, akakipangusa kwenye suruali.

Kitambaa alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, jini ilikuwa inapimwa kwa kikombe cha chuma, vipimo viwili.

"Unatikisa kwanza bila barafu," Profesa akafundisha, "ili povu liumuke. Ukitia barafu mapema, ute unakuwa makamasi tu. Halafu unatia barafu, unatikisa mara ya pili, unachuja." Akainua chujio kuonyesha. Kati ya nyaya zake kulikuwa na ute uliokaukia wa Jumamosi nyingi, wa manjano kama nta ya sikio. "Lakini kabla ya kutikisa, shira kiasi, na limau kipimo kimoja."

Hapo mkono wake wa kulia ulishuka chini ya kaunta wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani. Ukasimama. Ukapanda tena taratibu, ukaenda kwenye bakuli la malimau.

Kitambaa aliufuata kwa macho. Alisogeza kiti mbele.

Profesa akachukua limau la tatu kutoka juu, akalikata. Ndani lilikuwa jeusi na kavu kama sponji ya jivu. Akacheka, "Hili lina bahati mbaya," akachukua la pili. Hili lilikuwa na maji, lakini maji ya kijivu yaliyotiririka mezani na harufu ya mguu uliovuliwa kiatu. Akakipangusa kisu kwenye tambara.

"Asubuhi ulikamua mangapi?" Kitambaa akauliza polepole.

"Moja. Moja na nusu."

"Maganda yake yako wapi?"

"Si pipani?"

"Pipa nimelimwaga mimi, Profesa. Nimelichambua kwa mikono hii, na harufu yake nitaenda nayo nyumbani. Nimeona chai, sigara, mirija, plasta ya kidonda ambayo sitaki kujua ni ya nani. Nimeona ganda la yai. Ganda la limau hamna, hata la kudanganyia. Mbegu hamna. Mkono wako ulikuwa unaenda wapi?"

"Mkono?"

"Huo."

"Afande, mimi na wewe ni watu wazima, tunaelewana..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Chini ya kaunta kuna nini?"

Jasho jembamba likamtoka Profesa juu ya mdomo. Akatazama mlango, akatazama askari. Kisha akainama, akainuka na kopo kuukuu la kakao, akaliweka juu ya kaunta kwa adabu.

"Unga wa ndimu," alisema. "Wa kupikia. Hauna ubaya wowote. Unakoroga na maji unapata uchachu uleule. Malimau ya bakuli ni ya macho tu, yanapanguswa yanapakwa mafuta, wageni wanapenda. Mtu mmoja anakunywa hicho kinywaji, afande, mmoja tu kwa wiki. Nani akamue?"

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Hajawahi kulalamika. Tena ananisifu, eti malimau yangu yameiva."

"Na leo?"

Profesa akalamba midomo. "Leo alikunja uso. Akasema, Profesa, limau la leo lina hasira. Lakini akamaliza. Mzee hana tabia ya kubakisha, anaona ni kumvunjia mtu heshima."

Kitambaa alilivuta kopo upande wake. Zulia, pipa, kucha, chujio, vyote alikuwa amevivumilia. Hili lilimshinda.

"Tangu saa saba," alisema, "mzee anatapika utumbo wake. Tangu saa saba unajua kwamba kwenye ile glasi kulikuwa na kitu ambacho si limau. Ukamsukumia mwenzako yai, ukamwangalia analia."

"Ningesema, wangenicheka! Profesa anatumia unga! Nimefundisha watu kazi mimi."

"Ulijaza kopo hili lini?"

"Sikulijaza. Mama wa dobi, anayetufulia mashuka uani, aliliazima juzi, leo asubuhi kalirudisha."

Kitambaa alifungua kopo. Unga ulikuwa mweupe, punje zake kubwakubwa kuliko za chumvi. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, limepungua kijiko kimoja tu. Alitoka kwa mlango wa nyuma karibu anakimbia, na huko nyuma askari alisikika akimwambia Profesa akae mahali anapoonekana.

Chumba cha kufulia kilikuwa uani, mvuke mtupu. Mama wa dobi alikuwa anakamua shuka peke yake, mikono imejaa kama ya mcheza mieleka, kandambili miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hapo, kuna sabuni."

"Kopo hili unalijua?"

"La Profesa. Niliazima nikarudisha. Tena nimemjazia. Mimi sipendi kurudisha chombo cha mtu kikiwa pungufu, naona aibu."

"Uliazima wa kufanyia nini?"

"Kutu! Waya wa kuanikia umenitia kutu mashuka sita. Unga wangu ulikuwa umekwisha, nikasikia Profesa ana unga mchachu. Lakini wa kwake, mwanangu, dhaifu! Nimesugua mpaka bega likaniuma. Jana wangu ukaletwa, nikasema acha nimrudishie wenye nguvu na yeye afaidi."

"Wako uko wapi?"

Akanyoosha mkono juu ya rafu. Mfuko wa plastiki wenye maandishi mekundu, pembeni picha ya fuvu la kichwa.

"Mama, ulidhani Profesa anautumia kufanyia nini?"

"Si kusugulia masinki?" Akaacha shuka. "Kwani anafanyia nini?"

Kitambaa alikuwa ameshaweka simu sikioni. Alimsomea daktari yale maandishi herufi moja moja, maana jina lilikuwa refu na la kigeni. Upande wa pili kalamu ikasikika ikiandika, kisha: "Basi. Nimelijua. Niletee na mfuko." Simu ikakatwa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Alipogeuka, mama wa dobi alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka mabichi, maji yanamlowanisha, hana habari.

"Anawanywesha watu," alisema. Hakuuliza. "Mungu wangu. Nimemjazia hadi mdomoni."

Askari aliondoka na mfuko kwa pikipiki. Kabla hajaondoka alimkabidhi Profesa kwa wenzake waliofika na gari. Profesa alifika mlangoni akasimama, akaangalia vidole vyake.

"Afande, naweza kunawa kwanza?"

"Leo ndiyo umekumbuka?" Kitambaa akamgeuzia mgongo.

Mama wa dobi alikataa kurudi kwake. Kitambaa alimwambia hana kosa la kufungwa, atakuja kuandika maelezo Jumatatu. Akasema, "Unga ni wangu. Nataka kumwona anahema." Wakaenda wote, yeye na mpwa na Kitambaa, wakakaa kwenye benchi la korido ya hospitali, chini ya taa inayopepesa. Benchi lilikuwa na doa la rangi isiyojulikana. Kitambaa alilitandika kitambaa cha tatu, akaona kinatosha mtu mmoja, akampa mama akae.

Saa kumi ikapita na hakuna aliyetoka. Saa kumi na moja ikapita. Mama wa dobi alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake kana kwamba anaikamua.

Saa kumi na mbili kasoro, nje bado kuna jua la mwisho, daktari akatoka. Uso ulikuwa umesawajika, lakini meno yalionekana.

"Amekojoa," alisema.

Katika maisha yake yote Kitambaa hakuwahi kulipenda neno hilo. Siku hiyo aliomba alirudie.

Waliruhusiwa kuchungulia. Fundi Saa alikuwa ameshikwa na mirija pande zote, midomo imechubuka. Alifungua jicho moja, akalizungusha mpaka likampata mpwa wake.

"Yai," alikwaruza. "Lilikuwa zima?"

"Zima, mjomba. Zima kabisa."

"Nilijua." Akafumba jicho. Daktari akamshika mkono, akahesabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huu ni usingizi wa kawaida. Mwacheni." Mpwa akaegemeza upara wake kwenye chuma cha kitanda, na kabla muuguzi hajamfukuza alikuwa ameshaanza kukoroma.

Kwenye benchi mama wa dobi alilia sasa, kilio cha mtu aliyekizuia tangu mchana, kamasi na machozi pamoja, hana cha kujifutia. Kitambaa akatia mkono mfukoni. Kisafi kilikuwa kimebaki cha nne tu, kimepigwa pasi, hakijawahi kuguswa. Akampa. Mama akapenga kwa nguvu hadi muuguzi akachungulia, akapenga tena, akafuta uso wote, akakikunja kitambaa kilicholowa chapachapa.

"Nitakufulia, mwanangu," alisema. "Jumatatu nikurudishie kikiwa safi."

"Hapana, mama," Kitambaa akanyoosha kiganja. "Nirudishie hivyohivyo, usiongeze kitu."

Mama akamtazama, akaelewa, akampa. Kitambaa akakipokea kilivyo, akakitia mfukoni na mkono ukabaki humo. Mama akalaza kichwa pembeni, mdomo wazi, akalala. Naye Kitambaa, akiwa hana tena cha kutandika, akaegemea ukuta ule mtupu wa hospitali kwa shavu lake, akasikia ubaridi wake na unyevu wake, akakunja uso, na usingizi ukamchukua hivyohivyo uso umekunjwa.